Mvua ikinyesha breka inakata, kebo ya kisima ipo ardhini: tupimeje kabla ya kuchimba?

Mwenye Kisima: Wakuu, naombeni ushauri. Kebo ya pampu inatoka nyumbani hadi kisimani, mita 180, yote imefukiwa. Mvua ikinyesha breka inakata, jua likiwaka siku kadhaa inashika tena. Fundi anataka tufukue mtaro mzima, na juu yake nina migomba iliyokwisha kuzaa.

Fundi Mstaafu: Usichimbe, mkuu. Pampu iko majini mwaka mzima. Ingekuwa ndiyo mbovu isingesubiri mvua. Fungueni kwanza boksi la maungio pale kisimani, maji hupenda kuingia humo. Likiwa kavu, zimeni umeme, chomoeni kebo pande zote mbili, mpime kwa mega (kipimo cha insulesheni, yaani ganda la waya linalozuia umeme kuvuja) ya volti 500: kila waya na mwenzake, kisha kila waya na ethi. Chini ya megaomu 1 hiyo insulesheni haifai. Malitimita haitoshi, inapima kwa volti chache za betri. Na mpime ardhi ikiwa bado mbichi. Mkimaliza, gusisheni nyaya kwenye ethi, maana mega huacha chaji inayoweza kumrusha mtu.

Mwenye Kisima: Asante sana mzee wangu. Boksi ni kavu. Laivu na ethi imesoma megaomu 0.05, nyaya nyingine nzima kabisa.

Kijana wa Gridi: Tafuteni mwenye mashine ya kurusha mapigo ya umeme ndani ya kebo, inasikiliza mwangwi na kusoma umbali wa hitilafu hapohapo.

Fundi Mstaafu: Kwa hitilafu hii sidhani, kijana wangu. Megaomu 0.05 ni omu 50,000. Mwangwi wake ni hafifu mno, mashine itaona mwisho wa kebo tu. Hapa ni kitanzi cha Murray, njia ya kutafuta hitilafu ilipo kwa kuunganisha waya mbovu na mzima. Kisimani unganisheni laivu na waya mzima wa unene uleule, mkaze sana, kiungo kilicholegea kinaharibu hesabu. Mmepata kitanzi cha mita 360. Daraja la kupimia (kifaa cha kulinganisha ukinzani wa nyaya) likionyesha hitilafu ipo kwenye asilimia 30 ya kitanzi, kuanzia upande wa waya mbovu, ni mita 108 kutoka nyumbani. Rudieni mkianzia kisimani: lazima ije karibu na 72. Zikipishana sana, msishike jembe.

Mama Shamba: Ndugu yangu, kumbuka pia kebo ilipowahi kuungwa au jembe lilipopita. Kwangu ilikuwa kiungo cha zamani kilichozungushiwa selotepu tu. Safari hii mwambie fundi aunge kwa kifaa cha kumimina gundi, kile cha kebo za ardhini.