Anayeanza kujifunza kuandika programu: Vim au VS Code?

Wakuu, kati ya vihariri hivi viwili vya kuandikia msimbo (code), wengi wenu mnaofundisha vijana mnasema mwanafunzi aanze moja kwa moja na VS Code, kwamba Vim ni mambo ya wazee. Napinga. Aanze na Vim, walau miezi miwili ya mwanzo.

Tuangalie mashine zenyewe. VS Code, iliyotolewa na Microsoft 2015, imejengwa juu ya Electron, mfumo wa kuunda programu za kompyuta kwa teknolojia ya kivinjari, kwa hiyo ukiifungua umewasha kivinjari kizima ndani yake. Kwenye kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4, ukiongeza Chrome na hifadhidata, inakwama, na mwanafunzi anadhani kosa ni lake. Vim, inayoendeshwa kwa kibodi ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri), inafunguka papo hapo. Asili yake ni vi, aliyoiandika Bill Joy mwaka 1976 akiwa kwenye laini ya simu ya polepole mno, ndiyo maana amri zake ni herufi moja au mbili: dd inafuta mstari, u inaurudisha. Ufupi huo unamfaa hata leo anayeingia kwenye seva ya mbali kwa bando linalokatikakatika.

Mtasema VS Code inakamilisha maneno na kuonyesha makosa. Kweli, na kwenye mradi mkubwa wa lugha ya TypeScript sibishi. Lakini LSP, itifaki inayofanya kazi hiyo, Microsoft wenyewe waliiweka wazi 2016, na Neovim, tawi jipya la Vim, inayo ndani yake tangu toleo la 0.5 la mwaka 2021.

Kuna na suala la umiliki. Atom, kihariri cha GitHub, ilipendwa sana. Microsoft wakainunua GitHub 2018, na Desemba 2022 Atom ikafungwa. Vim imeanza 1991 na bado ipo, ingawa Bram Moolenaar aliyeitunga alifariki 2023. (Ule ujumbe wa kuwasaidia watoto wa Uganda unaouona ukiifungua si utani: Bram alifanya kazi kwenye kituo cha watoto Kibaale, kusini mwa Uganda, akaomba anayeipenda Vim akichangie.)

Sasa anayepinga anijibu. Saa nane usiku tovuti ya mteja imelala, seva ina RAM ya MB 512. Remote SSH, nyongeza ya VS Code ya kuhariri faili zilizo kwenye seva ya mbali, inataka GB 1 kwenda juu. Huyo kijana wako aliyezoea kubofya atalirekebisha vipi faili la mipangilio la Nginx, programu inayohudumia tovuti hiyo?