Vakyumu ya nyumba nzima, mabomba ndani ya kuta: niweke kabla hawajapiga jipsam au niachane nayo?

mama_wawili_edmonton
Habari zenu jamani. Sisi tuko Edmonton tunajengewa nyumba, chini na juu pamoja na besimenti, futi za mraba kama 2,100 bila kuhesabu besimenti. Fremu ya mbao imeshasimama na wiki mbili zijazo wanaanza jipsam. Sasa juzi kontrakta katuuliza kama tunataka ile vakyumu ambayo mota inakaa garaji, mabomba yanapita ukutani, halafu kwenye kuta kuna matundu, wewe unachomeka tu mpira unafagia. Bei dola 2,600 na matundu matatu. Mume wangu kasema hela hiyo bora tununue kochi, ufagio upo. Mimi nina kijana ana pumu na vyumba vya juu vyote vina kapeti, na hii vakyumu ya kuburuta niliyonayo kuipandisha ngazi kila Jumamosi mgongo umeniisha. Matundu matatu yanatosha kweli? Yakae wapi? Na kuna mtu anayo akaja kujuta? Semeni ukweli.

fundi_mstaafu_yyc
Dada hongera kwa nyumba. Nimefunga hizi mashine miaka sita kabla sijahamia kwenye umeme, kwa hiyo nakwambia ya saiti siyo ya brosha.

Kwanza usianze na mashine, anza na mabomba. Mashine utanunua hata mwaka kesho, ila ukuta ukishazibwa kupitisha bomba ni kuvunja. Mwambie kontrakta akupe bei ya mabomba na waya peke yake, utashangaa ilivyo ndogo, halafu mashine ukaitafute mwenyewe madukani. DrainVac na Cyclo Vac zote zinatengenezwa hapa hapa Kanada, kule Quebec, vipuri si shida.

Matundu: chukua kamba ya futi 30, maana ndo urefu wa mpira wa kawaida, nenda saiti, shika ncha moja pale tundu linapotakiwa kukaa halafu tembea nayo mpaka kona ya mbali kabisa ya kila chumba. Usipite katikati kama ndege, zunguka pale kitanda kitakapokaa, zunguka kochi. Kamba isipofika na mpira haufiki. Kwa kawaida juu linakaa kwenye korido karibu na mwisho wa ngazi, linakula vyumba vyote pamoja na ngazi zenyewe. Usikubali liwekwe nyuma ya mlango, nimeyaona mengi sana hayo. Na kwa vile una kapeti utahitaji kile kichwa chenye brashi inayozungushwa na umeme, basi kila tundu ama liwe na umeme wake ama soketi iwe pale pale jirani.

Siku wanafunga nenda kasimame. Bomba lake ni PVC nyembamba ya inchi 2, sio ile ya maji machafu. Kona zote ziwe za kupinda taratibu, isipokuwa ile moja nyuma ya tundu, hiyo inawekwa kali makusudi, ili mtoto akivuta penseli ikwame hapo mkono unapofika na sio katikati ya ukuta. Gundi inapakwa nje ya bomba, haipakwi ndani ya kiungo, ukipaka ndani inasukumwa mbele inaganda kama tuta na nywele zote zinaanza kukusanyika hapo. Nguzo ya mbao ikitobolewa karibu na ukingo ipigiwe kibati, la sivyo fundi jipsam atapitisha skrubu kwenye bomba na wewe utakaa miaka hujui kwa nini inavuta vibaya. Pembeni ya bomba inapita waya ndogo ya volti 24 ya kuwashia. Mota iwe na saketi yake peke yake. Na kwa sababu ya pumu, hewa yake itolewe nje ya nyumba, isiishie garaji. Haiponyi mtu, ila lile vumbi jembamba linalopenya filta halirudi sebuleni. Mwisho, bomba likipita ukuta wa kati ya nyumba na garaji lizibwe vizuri pembeni yake, inspekta atalitazama hilo, maana moshi wa gari usije ukaingia ndani.

wa_minnesota
Mimi niko nayo mwaka wa nne na sijajuta, lakini kuna vitu hakuna mtu aliniambia. Huo mpira ni mzito wee, na ni mrefu kama nyoka, lazima uwe na kabati ya kuutundika, yangu ilikaa kwa bathtub mwaka mzima. Pili nywele. Sisi Jumamosi tunasukana hapa nyumbani, dada zangu wanakuja, zile braids zikikatwa zinabaki kwa kapeti na brashi inazimeza yote inajifunga inasimama. Siku hizi naokota na mkono kwanza ndio nawasha. Lakini kitu naipenda kushinda zote ni ile tundu ya chini ya kabati za jikoni, unagusa na mguu inafunguka, unasukuma uchafu na ufagio unaenda. Wali ya watoto imeisha hivyo. Itisha hiyo.

Na usiitumie kwa vumbi ya jipsam kabla muingie, acha mkandarasi alete mashine yake. Ya jirani yangu filta iliziba hata mwezi haijaisha.

kijana_wa_nyali
Aunty mimi niko Mombasa, huku sakafu zote ni tailizi na kuta ni mawe, ufagio na dekio mambo kwisha, hata zulia tunalitoa nje tunalipiga. Kama chini kwako hakuna kapeti si ununue tu ya betri ya kubeba mkononi? Halafu swali dogo, shemeji yangu anajenga Diani, akipata mashine iliyotumika huko Kanada akaipakia kwa kontena itafanya kazi?

fundi_mstaafu_yyc
Asithubutu. Za huku ni volti 120, kwenu 240, ikiwashwa inaungua palepale. Ziko za 240, atafute hizo, na awaambie waashi mapema maana bomba la inchi 2 kwenye ukuta wa mawe ni kuchimba mfereji, labda alipitishe juu ya siling'i. Kuhusu ya betri, kijana wa Nyali una hoja. Nyumba ndogo isiyo na ngazi ningemwambia dada aache. Tatizo ni kapeti za juu.

mama_wawili_edmonton
Asanteni sana wote. Leo jioni tumeenda saiti na kamba ya futi 30, na mume wangu kaenda, kwa kununa. Matundu matatu ya kontrakta yote kayapanga karibu na garaji ili bomba liwe fupi! Kamba haikufika chumba chetu wala kona ya mbali ya besimenti. Tumeomba manne pamoja na ile ya jikoni ya mguu, mabomba na waya tu kwa sasa, kasema dola 900. Mashine tutatafuta baada ya kuhamia. Baba watoto anauliza kama ile ya jikoni inameza mifupa ya kuku.

wa_minnesota
Mwambie asijaribu 😂