Kelele za glasi katika rekodi za jazi: je, rekodi ya ukumbini ni ya kweli kuliko ya studio?

MsikilizajiUsiku:

Ndugu zangu wapenzi wa jazi, kuna jambo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa na ninaomba tusaidiane. Nimekuwa nikisikiliza kwa hedifoni, kuanzia mwanzo hadi mwisho, rekodi zote zilizofanywa katika klabu ya Village Vanguard, New York, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, Bill Evans akiwa kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye ngoma. Siku ile walipanda jukwaani mara tano, mara mbili alasiri na mara tatu usiku, na mitambo ikawa inanasa kila kitu. Ajabu ni kwamba kadiri ninavyozidi kusikiliza ndivyo masikio yangu yanavyoiacha piano na kufuata mengine: glasi zinazogongana, mtu anayecheka pale ambapo piano imeshuka hadi kuwa mnong'ono, na mazungumzo ya watu ambao ni dhahiri hawana habari kabisa na kinachotendeka hatua chache mbele yao. Hata wimbo wa kwanza wa alasiri ile una jeraha, kwa kuwa umeme uliyumba, muziki ukapotea kwa muda mfupi kisha ukarudi.

Siku 11 baadaye LaFaro alifariki katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 25. Ninalijua hilo kila ninapobonyeza kitufe, na hapo ndipo shaka yangu inapoanzia. Sina hakika kama kinachonigusa ni muziki wenyewe au ni msiba ninaouongezea mimi. Halafu ninajiuliza kama ni haki kusema, kama wengi tunavyosema, kwamba rekodi ya ukumbini ni ya kweli zaidi kuliko ile ya studio. Ikiwa mnawafahamu wanamuziki wasiotajwa sana ambao ubora wao unasikika hasa katika rekodi za namna hii, nitashukuru mkinielekeza.

Sahani33:

Ndugu Msikilizaji, nitaanza na hilo la ukweli, maana limenichosha kulisikia. Tarehe 7 Julai 1956 bendi ya Duke Ellington ilipiga katika tamasha la Newport, na katikati ya kipande kimoja Paul Gonsalves akapuliza saksofoni mizunguko 27 mfululizo (mzunguko mmoja ni wimbo mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho), umati ukanyanyuka vitini na kuanza kucheza. Hilo lilitokea kweli. Lakini albamu iliyouzwa mwaka huo kama kumbukumbu ya usiku ule ilikuwa na sehemu kubwa iliyorudiwa studio siku chache baadaye, kisha makofi yakapachikwa juu yake. Solo ya Gonsalves iliachwa kama ilivyopigwa jukwaani, ila inasikika kana kwamba anapuliza akiwa chumba cha pili, kwa sababu alikisogelea kipaza sauti cha redio ya Sauti ya Amerika badala ya kile cha kampuni ya santuri. Kanda ya redio ilipopatikana miaka mingi baadaye, mafundi waliioanisha na ile ya kampuni, moja ikawekwa upande huu wa spika na nyingine upande ule, na toleo la mwaka 1999 likatupa kwa mara ya kwanza tamasha lenyewe. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 40 watu walisifia ukweli wa makofi ambayo hayakuwa ya muziki waliokuwa wakiusikia.

Mfano wa pili unachekesha zaidi. Albamu ya mpiga saksofoni Cannonball Adderley iliyobeba kibao cha Joe Zawinul, ile ambayo jalada lake linadai kwamba ilirekodiwa klabuni Chicago, ilirekodiwa mwaka 1966 katika studio ya Capitol huko Hollywood. Waliwaalika wageni, wakawapa vinywaji, wakawaacha washangilie. Vifijo ni vya kweli na muziki ni wa kweli. Klabu ndiyo haikuwapo. Mimi binafsi naipenda albamu hiyo kuliko nyingi zilizorekodiwa klabuni kwelikweli, na sioni sababu ya kuona haya.

Kuhusu msiba wa LaFaro, usijilaumu peke yako. Albamu ya kwanza iliyotokana na siku ile ilipangwa baada ya kifo chake, na waliopanga waliteua vipande ambavyo besi yake inasikika zaidi, wakaifungua kwa utunzi wake na kuifunga kwa utunzi wake. Kwa maneno mengine, huzuni hiyo ilikuwa imeshawekwa ndani ya santuri hata kabla haijakufikia.

BesiYaMbao:

Nakubaliana na mkuu Sahani33 kuhusu ulaghai wa makofi, lakini nadhani ameliacha swali lenyewe pembeni. Tofauti ya ukumbi na studio, kwa maoni yangu, haiko katika ukweli. Iko katika muda. Sahani ya santuri ilikuwa na nafasi ya kama dakika 20 kila upande, na studioni kila mtu alijua hivyo, kwa hiyo mpigaji alijifunza kusema neno lake katika mizunguko miwili au mitatu kisha kumpisha mwenzake. Klabuni hakuna wa kumharakisha. Ndiyo maana mwanamuziki ambaye studioni anaonekana mtaratibu, hata mwoga, ukimsikia ukumbini unaweza kudhani ni mtu mwingine.

Nakupa jina moja tu: Booker Little, mpiga tarumbeta aliyezaliwa Memphis mwaka 1938. Tarehe 16 Julai 1961, wiki tatu tu baada ya Jumapili yako ya Vanguard, alipiga katika klabu ya Five Spot, New York, pamoja na Eric Dolphy kwenye saksofoni na klarineti ya besi, Mal Waldron kwenye piano, Richard Davis kwenye besi na Ed Blackwell kwenye ngoma. Usiku huo mmoja ulitosha kujaza santuri tatu. Piano ya klabu ilikuwa imelegea sauti, na hilo utalisikia tangu mwanzo bila kuhitaji sikio la fundi. Sikiliza sasa Waldron anavyolitatua. Hajaribu kuificha kasoro kwa kupiga noti nyingi. Anachukua vijisauti viwili vitatu vya upande wa chini, anavirudia na kuvirudia kama mtu anayegonga mlango ambao anajua kuna mtu ndani, mpaka ule ubovu wa piano unageuka kuwa rangi ya muziki wenyewe. Blackwell naye anaitikia kwa ngoma zilizokazwa kiasi kwamba unaweza kuimba anachokipiga.

Kisha anaingia Little. Sauti yake ni safi, karibu ya darasani, lakini anapenda kukaa juu ya noti ambayo haikubaliani na kinachopigwa chini yake, anaishikilia nusu sekunde kupita kiasi unachotegemea, halafu ndipo anaiteremsha. Dolphy anaposhika klarineti ya besi anakoroma, anaruka, anacheka. Little anabaki mtulivu, na utulivu huo ndio unaouma. Mwezi Oktoba mwaka huohuo alifariki kwa ugonjwa wa figo akiwa na miaka 23. Dolphy alimfuata mwaka 1964, akiwa Berlin. Sikukutajia vifo hivi ili kukuongezea huzuni, bali uone kwamba kama mitambo isingeletwa usiku ule, hao wawili pamoja tungewajua kwa rekodi chache za studio, na nafikiri tungewajua vibaya.

KinubiNaBrashi:

Naomba niwe upande wa studio, maana naona imekosa wakili hapa.

Hoja ya ndugu Besi ni nzuri, lakini inawafaa wale waliobahatika kupewa klabu na mitambo kwa usiku mmoja. Wengi wa wanamuziki wasiotajwa hawakupata bahati hiyo. Mchukulieni Herbie Nichols, mpiga piano na mtunzi, ambaye kwa miaka mingi alipata riziki yake kwa kupiga muziki wa kizamani katika bendi za watu wengine huku akiwa na lundo la tungo zake nyumbani. Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya santuri ya Blue Note ilimpeleka studio akiwa na besi na ngoma tu, huku Art Blakey na Max Roach wakipokezana kwenye ngoma. Hakupata kamwe kurekodi tungo zake akiwa na tarumbeta na saksofoni, ingawa ukizisikiliza kwa makini utaona ziliandikwa kwa ajili ya kundi: mkono wa kulia unaitika kama tarumbeta, na kuna mapengo yaliyoachwa makusudi kwa ajili ya ngoma, jambo ambalo wapiga piano wachache walilifikiria wakati huo. Alifariki mwaka 1963. Bila siku hizo chache za studio, tungebaki na jina lake tu pembezoni mwa wimbo mmoja mashuhuri wa mwimbaji Billie Holiday ambao yeye ndiye aliyeutungia muziki.

Tina Brooks naye, mpiga saksofoni mwenye sauti ya mtu anayezungumza bila kunyanyua sauti, aliongoza vikao vinne vya kurekodi kati ya mwaka 1958 na 1961. Kimoja tu ndicho kilichotoka akiwa hai. Kingine kilikuwa kimeshapewa namba ya katalogi, 4052, na jalada likaandaliwa, kisha kikawekwa kabatini. Alifariki mwaka 1974 bila kukiona dukani. Na mpiga piano Hasaan Ibn Ali wa Philadelphia alisikika katika albamu moja tu, aliyoipiga na Max Roach. Ile ya pili, ya mwaka 1965, ilidhaniwa imeteketea pamoja na kanda nyingine katika moto wa mwaka 1978 kwenye ghala la kampuni ya santuri ya Atlantic, mpaka nakala yake ilipopatikana na kutolewa mwaka 2021. Hapo hoja ya ukumbi au studio inakosa uzito. Linalobaki ni kabati la nani, na nani aliyeamua kulifungua.

Nikiruhusiwa kuongeza jina moja nje ya mjadala, msimsahau Dorothy Ashby wa Detroit, aliyepiga jazi kwa kinubi wakati ambapo wengi walikiona chombo hicho kuwa cha mapambo. Sikilizeni albamu yake ya mwaka 1958 pamoja na filimbi ya Frank Wess na ngoma za Roy Haynes. Haynes anapiga kwa brashi kwa wepesi wa kushangaza, kwa sababu angeongeza nguvu kidogo tu kinubi kingezama.

MsikilizajiUsiku:

Nawashukuru nyote. Nimefuata ushauri wa ndugu BesiYaMbao na nimesikiliza usiku ule wa Five Spot mara tatu. Mara ya kwanza piano ilinikera kiasi cha kutaka kuzima. Mara ya tatu nilijikuta nikiisubiri.

Ila nina la kumjibu ndugu Kinubi. Mwaka 2005 ilipatikana katika Maktaba ya Bunge la Marekani kanda ya mpiga piano Thelonious Monk na mpiga saksofoni John Coltrane wakiwa katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, tarehe 29 Novemba 1957. Wawili hao walikuwa wamepiga pamoja klabuni kwa miezi kadhaa mwaka huo, lakini studioni kundi lao la watu wanne liliacha vipande vitatu tu. Nimevilinganisha. Katika vile vya studio Coltrane anasikika kama mwanafunzi hodari anayefuata maelekezo. Kule Carnegie anamtangulia Monk. Kabati ni kabati, nakubali, lakini haya mawili hayakuwa muziki uleule.

KinubiNaBrashi:

Hapo umenishika, na sitabisha kwa ajili ya kubisha tu. Hata hivyo kumbuka kwamba kanda hiyo nayo ilikaa kwenye sanduku miaka 48, na iliyorekodi ni redio, bila nia ya kuuza santuri. Na kama unataka kusikia wawili hao klabuni, ipo kanda ya mwaka 1958 ambayo Naima, mke wa Coltrane, aliirekodi Five Spot kwa mashine ya kubebeka. Sauti yake ni mbaya mno. Ivumilie dakika tano za kwanza, kisha uniambie kama bado unazisikia glasi.