Sensa yasema udongo umerowa, tungule zanyauka

Mkulima, Jambiani
Asalaam alaykum. Nina matuta 6 ya tungule nyuma ya nyumba, namwagilia kwa matone, maji ya kisima, na kisima chetu kina chumvichumvi. Nimechomeka sensa ya unyevu ile ya vijiti viwili, nimeiunga na Arduino, kile kibao cha kompyuta ndogo kinachosoma sensa. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Sasa asubuhi mpaka magharibi yasema udongo umerowa, na jana saa nane mchana nimekuta majani yote yameinama. Nikafukua kwa kidole: juu pakavu, chini unyevu kidogo tu. Nilipoing'oa, kijiti kimoja kimelika hadi kimekuwa cheusi, chenzake kizima. Inaniuma, hizi tungule nimezilea tangu kitaluni. Nimekosea wapi?

Fundi, Mwera
Waalaykum salaam. Sensa hiyo hupitisha umeme baina ya vijiti, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Kwa hiyo chumvi yote iliyobaki kwenye tuta kila maji yakikauka, yenyewe inaihesabu kuwa ni maji. Kilicholika ni kijiti cha upande wa chanya. Umeme usiokatika humung'unya metali. Ipe umeme kwa pini ya dijitali ya Arduino, ile unayoweza kuiwasha na kuizima kwa programu: washa, soma, zima. Mara moja kwa nusu saa yatosha. Haitalika upesi, ila chumvi bado itaidanganya.

Bi Mboga, Dole
Ndugu yangu, tafuta sensa ya kapasita, haina metali iliyo wazi. Haipitishi umeme udongoni, yapima namna kilichoizunguka kinavyosaidia kuhifadhi chaji ya umeme: kwa kipimo hicho maji ni kama 80, udongo mkavu 3 hadi 5, hewa 1. Chumvi huisumbua pia, lakini kidogo. Namba utakazosoma kwenye Arduino, lakini, hushuka udongo ukirowa, usije ukashangaa. Kingo zake zipake rangi ya kucha mara mbili, maji huingilia ubavuni; yangu ya kwanza ilikufa hivyo.

Mimi nalima udongo wa kinongo, huishika sensa vizuri. Kwenu uwanda una mawe: pakibaki upenyo wa hewa, itasoma pakavu. Chekecha udongo wa hapohapo, jazia, shindilia kwa mkono. Kisha chukua namba zako mwenyewe za kulinganishia, mkebe wa udongo mkavu kabisa na mwengine uliorowa ukachuja.

Na majani je? Chumvi ikizidi, mzizi hauwezi kuyavuta maji hata yakiwepo. Una maji ya mvua?

Mkulima, Jambiani
Lipo tangi la paa, nusu. Jioni hii nayamwaga yote kwenye matuta mawili, nione asubuhi.