Fasihi ya Kihispania mwaka wa pili: maksi zinatoka wapi hasa?

mtoto_wa_Jinja
Habari zenu wapendwa. Nipo mwaka wa pili chuo kimoja hapa Kampala, nasoma Kihispania na Kiswahili, semesta hii ndo tumeingia fasihi ya Kihispania yenyewe, sarufi tumeiacha nyuma. Karatasi ya kozi inasema kozwaki 40 mtihani 60, hapo sawa, ila ndani ya hiyo kozwaki kuna kitu kinaitwa comentario de texto kimebeba 20 peke yake, esei na presentesheni ndo zinagawana zilizobaki. Lekchara katupa ukurasa mmoja wa riwaya ya zamani, Lazarillo de Tormes, pale kipofu anapomgonga yule mtoto Lázaro kichwa kwenye fahali wa mawe kule Salamanca, akasema fanyeni comentario, akaenda zake. Sasa nasimulia hadithi au nafanya nini? Na Kihispania changu cha kuungaunga, kwenye fasihi pia wanakata maksi za sarufi? Riteki sitaki jamani, ada yenyewe naipata kwa mbinde.

nyabo_wa_Kireka
Mdogo wangu, hadithi usisimulie, lekchara anaijua. Comentario ina njia yake: kwanza unaliweka andiko mahali pake (limetoka 1554, mwandishi hajulikani, kipande kiko mwanzoni mwa kitabu), unataja dhamira kwa sentensi moja au mbili, unaonyesha kipande kimegawanyika vipi, halafu ndo unaingia kwenye lugha na mbinu, na hapo kwenye lugha na mbinu ndo maksi nyingi zinakaa. Sasa kitu ambacho wengi wanakiruka: Lázaro anaandika akiwa mtu mzima, anamwandikia mkubwa fulani anayemwita Vuestra Merced aliyetaka maelezo ya jambo fulani, yaani anajitetea. Kwa hiyo jiulize kwa nini mtu anayejitetea anachagua kutuonyesha kile kipigo cha utotoni. Ukijibu hilo ukitumia maneno yaliyomo kwenye ukurasa wako, umeshapita. Ukiandika "Lázaro alikuwa maskini na kipofu alikuwa mkatili" unapewa maksi za huruma tu.

kaka_mizani
Nyabo kasema vizuri, mi naongeza upande wa mashairi kwa sababu na yenyewe yatakuja tu. Sisi tuliosoma ushairi wa Kiswahili tunahesabu mizani nane kwa nane, "mtu" ni mizani mbili, kwisha. Kihispania ukihesabu hivyo unapotea. Irabu inayomaliza neno inaungana na ile inayoanza neno linalofuata, "la casa abierta" kwenye mshororo ni tano, sio sita, na mshororo ukiishia neno lenye mkazo mwishoni kama corazón unaongeza moja. Soneti ni mishororo 14 na kawaida kila mmoja una 11, ukipata 10 au 12 rudi uhesabu upya kabla hujaanza kumlaumu mshairi 😂 Ila kuhesabu peke yake hakukupi kitu, lazima useme huo mpigo unafanya kazi gani kwenye maana.

Profesa_wa_Mtaani
Kuhusu sarufi nyie wawili mmemkwepa. Wanakata, tena kozi nyingi lugha ina sehemu yake kwenye mwongozo wa kusahihisha, ssebo omba huo mwongozo ni haki yako. Andika sentensi fupi, wakati uliopo (Lázaro dice, el narrador presenta), ujikinge na subjuntivo (umbo la kitenzi la matakwa na mashaka) usiyoiweza.

nyabo_wa_Kireka
@Profesa hapo kwenye sentensi fupi tunapishana kidogo, akizidisha ufupi hoja inakatika, kila kitu kinakuwa "hiki ni hiki". Ajifunze viunganishi kama sin embargo (hata hivyo) na por lo tanto (kwa hiyo) vimbebe.

mtoto_wa_Jinja
Asanteni sana aisee. Na presentesheni? Kundi letu tumepewa tamthilia ya Lorca, La casa de Bernarda Alba, dakika 15, wenzangu wanataka tuanze na maisha yake yote.

kaka_mizani
Maisha yake sentensi mbili: aliimaliza 1936, mwaka huohuo akauawa, ikachezwa mara ya kwanza Buenos Aires 1945. Dakika zilizobaki zitumieni kwa tamthilia yenyewe. Neno la kwanza la Bernarda jukwaani ni "Silencio" (kimya) na la mwisho ni hilohilo, na Pepe el Romano anayewagombanisha mabinti wa Bernarda haonekani jukwaani hata mara moja. Gawaneni hayo mawili. Na kila mtu awe amesoma tamthilia nzima, maana maswali ya mwisho lekchara anamuuliza yule aliyekaa kimya.