Mjadala: Hadithi ya ramani za siri kwenye kwilti ifundishwe shuleni kama historia?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kupakana mafuta. Baadhi ya shule za Marekani huwafundisha watoto kwamba watumwa waliotorokea kaskazini waliongozwa na kwilti, yale matandiko ya viraka, zilizoanikwa uani: umbo hili maana yake kusanya vifaa, lile anza safari. Hadithi hiyo ilisambaa kupitia kitabu cha mwaka 1999 kilichoegemea maelezo ya mama mmoja aliyeuza kwilti Charleston, South Carolina.

Mimi napinga. William Still, Mweusi aliyewapokea mamia ya watoro Philadelphia, alichapisha habari zao mwaka 1872. Humo yumo hata Henry Brown, aliyejifungia kwenye sanduku mwaka 1849 akasafirishwa kama mzigo kutoka Richmond. Kwilti za siri hamna. Frederick Douglass, mtumwa aliyekuja kuwa mpinga utumwa mashuhuri, naye alitoroka mwaka 1838 kwa treni, kavaa kibaharia, mfukoni ana hati ya kuazima ya baharia huru. Halafu ukaja mpango wa kuweka maelezo ya alama hizo za kwilti kwenye sanamu yake New York! Mwaka 2007 wanahistoria wakaja juu.

Najua nitaambiwa: watumwa walikatazwa kusoma, siri zao zilipita mdomoni, usidai karatasi. Hoja nzito hiyo. Lakini Still aliandika yaliyotoka vinywani mwa watoro wenyewe, tena wakati ule ule. Na atakayesema mbona kanga zetu husema, akumbuke kanga ina jina lake limechapwa, kila mwenye macho analisoma.

Kinachoniuma ni Harriet Powers. Alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, akashona visa vya Biblia kwa vipande vya kitambaa: Adamu na Hawa, Yakobo na ngazi yake. Mwaka 1891 dhiki ikamfanya aiuze kwilti ile. Alitaka dola 10, akapewa 5. Akamweleza mnunuzi maana ya kila picha, na maelezo yakaandikwa. Kwilti yenyewe iko Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani. Mwanamke huyu yupo, kazi yake ipo, maneno yake yapo, na bado mtoto anafundishwa ramani ambayo hakuna aliyeiona.

Mwenye ushahidi wa kabla ya 1865, utumwa ulipokomeshwa Marekani, hata barua moja, aulete hapa tuusome. Na walimu mliomo humu, nyie mngemfundisha nani kwanza?