Maneno ya Scrabble: kitabu, aplikesheni ya kulipia au tovuti ya bure?

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, habari za mihangaiko. Nina klabu ya Scrabble shuleni, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, na uongozi umekubali kutoa hela kidogo ya vifaa. Nataka kitu ambacho mwanafunzi akishika herufi fulani, tuseme A, E, R, T, anapata maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo. Nimeona kitabu cha Collins (orodha ya maneno yanayokubalika kwenye Scrabble), aplikesheni za kulipia na tovuti za bure. Nichukue ipi? Mhasibu anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Kiraka
Mkuu, mada umeleta nusu. Shule ya bweni au ya kutwa? Kompyuta zipo? Bajeti shilingi ngapi? Halafu "yenye herufi hizo" ni hizo tu au hizo pamoja na nyingine? Kwa hizo nne peke yake unapata RATE, TEAR, TARE. Ukiruhusu nyingine wanaingia HEART, WATER, THEATRE, na hapo hamtalala.

Nyota ya Alfajiri
Na kuna michezo inayoruhusu kurudia herufi. Spelling Bee ya New York Times ni hivyo: herufi saba, ile ya katikati lazima iwemo, na kila moja unairudia utakavyo. Kwenye Scrabble ukiwa na T moja huwezi kuandika TREAT. Tovuti nyingi za bure zinachanganya hayo mawili, mtoto anakariri takataka.

Babu Linux
Usinunue chochote. Pakua faili la maneno, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), chuja kwa grep, amri ya kutafuta maneno: kwanza yenye A, matokeo yake uyachuje yenye E, kisha R, kisha T. Sekunde moja. Watu mnapenda kulipia vitu vya bure.

Kiraka
Babu umeanza. Orodha inayokuja na Linux, huo mfumo wako wa kompyuta, imejaa majina ya watu na miji. Mtoto akiweka jina la mtu mezani utamtetea wewe?

Babu Linux
Nani kasema hiyo? Chukua ENABLE, orodha ya maneno ya Kiingereza, haina hakimiliki, maneno zaidi ya 170,000. Kila neno panga herufi zake kialfabeti: RETAINS inakuwa AEINRST, NASTIER nayo AEINRST, RETINAS vilevile. Ukishapanga hivyo, herufi saba za mkononi nazo unazipanga, unasoma mstari mmoja, ndugu wote wamekaa pamoja. Hata Excel inaweza.

Mama Wawili
ENABLE ni ya Kimarekani na ya zamani, hata QI, neno maarufu la Scrabble, haimo. Mwalimu, hapo ndipo penye shimo, ngoja nikueleze yaliyonikuta.

Nililipia aplikesheni moja, jina nalihifadhi. Sura nzuri, rangi nzuri, unaandika herufi inakumwagia maneno. Nikakariri humo maneno yote ya herufi mbili, jioni baada ya kazi, watoto wakishalala. Nikaenda mashindano Nairobi. Mpinzani wangu kijana wa chuo, mpole, hata hakuinua macho, akaweka CH, na H ikatua kwenye mraba wa kuzidisha mara tatu. Nikapinga hapo hapo, maana kwenye orodha yangu CH hakuna. Tukaenda kwenye kompyuta ya waamuzi: halali. Akaongezewa pointi. Baadaye akaleta ZO, nayo sijawahi kuiona, nikameza mate nikakaa kimya. Mchezo ukaenda.

Kumbe ile aplikesheni ilikuwa na orodha ya Marekani na Kanada, na hakuna popote walipoandika. Huko maneno ya herufi mbili ni 107. Collins, inayotumika Kenya na kwenye mashindano mengi ya kimataifa, ni 127. Niliwaandikia wanirudishie hela, nikajibiwa na mashine.

Nyota ya Alfajiri
Pole dada. Kwa hiyo swali la kwanza ni orodha gani, bei baadaye.

Mwalimu wa Zamu
Asanteni. Shule ni ya bweni, simu marufuku. Maabara ya kompyuta ipo, intaneti ya kubahatisha. Kitabu naona ndiyo salama?

Kiraka
Kitabu kimepangwa kialfabeti, mwalimu. Mtoto ana herufi saba zilizochanganyika, ataanzia ukurasa upi? Kile ni cha kuamulia ugomvi, na maana za maneno hakina. Weka Zyzzyva ya Collins, programu ya kutafuta na kujifunza maneno, kwenye kompyuta za maabara. Haihitaji intaneti ikishaingia, unatafuta kwa herufi, kwa urefu, na inatoa majaribio.

Shangazi Tabora
Mimi nauliza tu kama mzazi. Watoto wanakariri maneno wasiyojua maana ili iweje? Mtihani wa Kiingereza hauulizi ZO.

Kiraka
Shangazi, Nigel Richards alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa 2015 na Kifaransa haongei. Huu ni mchezo wa kumbukumbu na hesabu.

Shangazi Tabora
Huyo ni mmoja. Wa kwangu ana D ya Kiingereza.

Mama Wawili
Mwaka huohuo Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa Kiingereza kule Perth, Australia. Wanaijeria walijifunza sana maneno ya herufi tano. Inawezekana, wakiwa na mwalimu mwenye msimamo.

Babu Linux
Mbona hatuna ya Kiswahili? Seti ya Kiingereza ina A tisa katika vipande 100. Sisi hizo zinaisha kabla chai haijapoa, na Q na X tunazitupa.

Nyota ya Alfajiri
Collins inakubali UHURU, MATATU na HARAMBEE. Anza na hizo.

Mwalimu wa Zamu
Hiyo Zyzzyva inakubali Windows 7?

Mkazi wa Mbezi
Samahani naingilia. Nani anauza vipande vya ziada? Seti yangu V zote mbili zimepotea.

Kiraka
V haina hata neno moja la herufi mbili. Aliyeziiba kakusaidia.